Biopsi ya kwanza ilikuta makovu tu, ya pili ikakuta kansere ya kongosho. Nani alidanganya? (uzi mrefu)

Mwana_Majengo (Goma)

Wandugu salam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu bila kutukana. Nitachanganya Kiswahili cha shuleni na chetu cha Goma juu (yaani kwa sababu) humu kuna watu wa kila fasi (mahali).

Baba mudogo wangu alikuwa mnunuzi wa kahawa. Minova, Kalehe, Idjwi, kote huko alipajua gunia kwa gunia. Tumemzika mwezi wa tatu. Mambo yalianza na tumbo, hapa juu chini ya kifua, maumivu yanapita mpaka mgongoni, usiku hawezi kulala chali, anakaa ameinama mbele kama mtu anafunga viatu. Wakasema gastriti. Akapewa dawa ya gastriti, halafu ya amibe, halafu ya minyoo, halafu ya gastriti tena, miezi inaenda. Suruali ikaanza kufungwa na kamba. Kisha sukari ikapanda, mtu wa miaka 58 ambaye hakuwahi kuwa na sukari hata siku moja. Kisha ndiyo macho yakageuka manjano, mkojo kama chai ya rangi, mwili unawasha mpaka anajikuna na kitana.

Echo (ultrasaundi) hapa mjini, skana Kigali: uvimbe kwenye kichwa cha pankreasi, ile vitabu vya Kiswahili vinaita kongosho. Tukachangishana, ndugu wa Ubelgiji nao wakatuma, akafika Nairobi. Kule wakamshusha mpira wa kamera mdomoni, wenye echo kwenye ncha, wakatoboa uvimbe na sindano kutoka ndani, wakatoa nyama kidogo ya kupima, hiyo ndiyo biopsi. Jibu likaja: nyama ya makovu na inflamasio (nyama iliyoungua kama kidonda), seli za kansere hazikuonekana. Wakamwekea kamrija ka kufungulia nyongo, macho yakarudi meupe. Nyumbani ikawa sherehe, mbuzi wawili, ibada ya shukrani mpaka saa kumi. Chini ya ile karatasi kulikuwa na sentensi moja kwa Kiingereza inasema kama mashaka yapo warudie. Nani aliisoma? Baba mukubwa akasema makuta (pesa) yameisha na ugonjwa umeisha.

Miezi karibu mitatu, kilo zinazidi kushuka. Safari ya pili, sindano wakaipitisha mara nyingi zaidi: adenokarsinoma, yaani kansere yenyewe. Na ini tayari limeshapata.

Sasa Jumapili hii kuna mkutano wa familia. Baba mukubwa ana maneno mawili tu, ama madaktari walidanganya mara ya kwanza ili tulipe mara mbili, ama kuna mtu aliingiza mkono wake katikati ya biopsi mbili, na akisema hivyo macho yote yanaenda kwa mama mudogo, mjane, ambaye aliolewa miaka minne tu iliyopita baada ya mke wa kwanza kufariki. Mimi ni mtu wa labo, nakata nyama nyembamba na kupaka vioo rangi, kwa hiyo wamesema ni mimi nitaeleza. Naandika hapa kwanza munirekebishe.

Mwana_Majengo (Goma)

Naendelea.

Jibu langu ni kwamba hakuna aliyedanganya. Sindano iliingia ndani ya uvimbe kweli, ila ilikuta kloture (uzio) na uwa, mwenye nyumba haikumkuta.

Nieleze ninavyoona kwa macho yangu. Rangi tunayopaka kwenye kioo inafanya viini vya seli viwe zambarau na nyuzi za makovu ziwe roze (pinki). Kansere nyingi ukiziweka chini ya mikroskopi unaona zambarau imejaa kama mahindi kwenye gunzi. Hii ya pankreasi unaona roze, roze, roze, unasogeza kioo, roze tena, halafu katikati kabomba kamoja ka zambarau kamekaa kombo. Hako ndiko kansere. Ile roze yote ni nyama ya pembeni, wenyewe wanaiita stroma, na kwa aina hii ya kansere, ambayo ndiyo karibu 90% ya kansere zote za kongosho, stroma inaweza kuwa asilimia 80 mpaka 90 ya uvimbe wote. Soma tena hapo. Ile kitu ngumu daktari anashika kwenye skana, sehemu kubwa si kansere. Ni mwili wako.

Nani ameijenga? Kwenye kongosho kuna seli zinaitwa seli nyota, kwa sababu zina vidole vidole. Zilitengwa na kukuzwa kwenye labo mwaka 1998, Australia na Ujerumani karibu wakati mmoja. Mtu akiwa mzima hizi seli zimelala, ndani zimebeba matone ya mafuta yenye vitamini A, hazisumbui mtu. Kongosho likiumia (pombe nyingi miaka mingi, inflamasio ya mara kwa mara, au seli za kansere zikianza kupiga simu) zinaamka, zinatupa yale matone, zinageuka kuwa mafundi wa kujenga. Kazi yao ni kumwaga kolajeni (zile nyuzi za makovu), na ile asidi ya hyaluroniki ambayo inanyonya maji kama sponji. Kidonda cha kawaida kikipona fundi anakunja vyombo anaenda nyumbani. Hapa haendi. Mwaka 1986 daktari mmoja wa Boston, Harold Dvorak, aliandika kwamba uvimbe wa kansere ni kidonda kisichopona, na mimi tangu nisome hiyo siangalii vioo vya kongosho vilevile.

Sasa ile sponji imejaa maji na kolajeni imeibana, presha ndani inapanda, mishipa midogo ya damu inakandamizwa mpaka inafunga. Wenye kujenga Goma mutanielewa: jaribu kuchimba choo kwenye mawe ya volkano ya 2002. Baramini inapinda, siku tatu umepata sentimita za aibu. Hivyo ndivyo dawa ya shimio (kemoterapi, dawa ya kuua seli za kansere) inavyokuta mlango. Inazunguka mwilini mwote, nywele zinatoka, mdomo unapata vidonda, lakini ndani ya uvimbe inafika kidogo.

Mama_Ndosho

Pole sana mwana wetu, Mungu amupumuzishe baba. Mi nauliza tu kama mama asiye na masomo ya dawa. Kama damu haingie na dawa haingie, sasa iyo kansere yenyewe inakulaka nini? Si ingekufa na njaa?

Mwana_Majengo (Goma)

Mama, swali lako ni lile nililojiuliza na mimi. Jibu linakasirisha. Wale mafundi wanailisha. Mwaka 2016 watu wa Marekani walionyesha kwamba seli nyota zinajila zenyewe kidogo kidogo, zinavunja vitu vya ndani yao, zinatoa alanini (ni tofali moja la protini), na seli za kansere zinaichukua zinaichoma kama mafuta ya kupikia. Nusu njaa lakini jirani anapitisha sahani juu ya ukuta. Tena kansere yenyewe ina tabia ya kunywa: inakunja ngozi yake, inameza matone ya maji ya pembeni pamoja na protini zilizomo, inasaga ndani. Hiyo ilionekana 2013. Inatokana na jini moja (jeni, maandishi ya urithi ndani ya seli, si jini la mizimu) inaitwa KRAS ambayo imeharibika kwa zaidi ya 90% ya wagonjwa hawa.

Ndizi_ya_Masisi

Eeh kaka umesema vitamini A. Basi tunywe mawese!! Mawese mekundu ya Beni ile yenyewe, si ndiyo imejaa vitamini A? Bibi yangu alikuwa anakula kila siku alifika miaka 90

Mwana_Majengo (Goma)

Nilijua tu kuna mtu ataleta mawese hapa 😂

Wazo lako si la kijinga, ila njia ni nyingine. Kuna timu London walijaribu kuzilaza tena zile seli nyota kwa dawa ya jamii ya vitamini A, ile inayotumika siku nyingi kwa aina moja ya kansere ya damu, wakaiunganisha na shimio. Majaribio ya kwanza kwa watu yalitangazwa 2020, kazi yake ilikuwa kuona kama watu wanaivumilia na dozi ipi. Wengine Marekani walienda kwa vitamini D, 2014, kwenye panya. Lakini ni dawa, kwa dozi ya dawa. Mawese yana karotini, mwili unageuza kiasi unachotaka na kuacha, hakuna sahani ya sombe itakayofika kulaza seli hizo. Na vidonge vya vitamini A vya kujinunulia pale Birere usiguse, vikizidi vinaumiza ini. Mawese endelea kula juu ni matamu.

Krezeri_Mustaafu (Lubumbashi)

Mi niko ku Lubumbashi, zamani nilitumika krezeri, muchimba madini, mu mashimo ku Kolwezi. Ile mambo unaeleza njo sawa na kuivre (shaba) yetu, unatosha mawe gunia kumi, malakiti yenyewe (jiwe ya shaba) njo kidogo tu. Nimesikia bien. Sasa swali yangu: iyo ukuta, juu ya nini habaibomoe yote? Dawa ya kubomoa kwanza, dawa ya kuua nyuma. Kwisha.

Mwana_Majengo (Goma)

Papa, hapo umegusa sehemu ninayoipenda kuliko zote. Walifikiri hivyo hivyo.

2009, labo moja Cambridge Uingereza: panya waliotengenezwa wapate kansere kama ya mtu, wakapewa dawa ya kukata ishara ile seli za kansere zinatumia kuwaamsha mafundi. Ishara inaitwa hedgehog, jina la kuchekesha, ni yule mnyama mdogo wa miba. Stroma ikapungua, mishipa ikafunguka, dawa ya shimio inaitwa gemcitabine ikaingia kwa wingi, panya wakaishi zaidi. Watu wakashangilia kabisa. Wakaanza kwa wagonjwa. Mwanzoni mwa 2012 jaribio likasimamishwa, juu waliopewa dawa ya kubomoa pamoja na gemcitabine walikuwa wanakufa mapema kuliko waliopewa gemcitabine peke yake.

Mapema. Si sawasawa. Mapema.

2014 labo mbili za Marekani zikaeleza, kila moja kwa njia yake. Moja ilitoa ile ishara kwenye jini za panya tangu mwanzo, nyingine iliua mafundi wenyewe. Uvimbe ukawa na stroma kidogo kweli, lakini ukawa mkali zaidi, seli zimepoteza sura, panya wakafa haraka. Ile ukuta ilikuwa inazuia dawa, ni kweli, ila ilikuwa inazuia kansere pia.

Na bado watu hawakukata tamaa, wakasema basi tusiue fundi, tukaushe sponji tu. Dawa ya kuyeyusha asidi ya hyaluroniki. Kwenye panya maridadi, mishipa inafunguka mbele ya macho. Ikafika jaribio kubwa la mwisho kwa watu, 2019 majibu yakatoka: haikuongeza maisha. Na jaribio lingine walipoiunganisha na shimio ile kali ya Wafaransa, FOLFIRINOX, walioipata wakafanya vibaya zaidi.

Krezeri_Mustaafu (Lubumbashi)

Aaah! Sasa nimeelewa mi muzuri kuliko docta. Mu shimo kuko miti tunatiaka ya kushikilia juu. Krezeri wa tamaa anaona nyuma ya muti kuko madini, anatosha muti. Kunamuangukia. Nimezika barafiki bawili sababu ya ile. Muti unakuzuia njia kweli, lakini muti njo unashika mulima.

Mwana_Majengo (Goma)

Nakuiba huo mfano Jumapili, usinidai.

Docta_Kadutu (Bukavu)

Nimesoma kimya mpaka hapa. Mimi ni daktari, Bukavu, si mtaalamu wa kansere lakini wagonjwa hawa ninawaona, na kwa kawaida ninawaona wamechelewa. Mwenye uzi amefanya kazi nzuri. Nina marekebisho.

Kwanza unasema "mafundi" kana kwamba wote ni wamoja. Sivyo. Tangu 2017 inajulikana kuna angalau aina mbili kubwa. Walio karibu kabisa na seli za kansere, wamegusana nazo, hao ni wa misuli misuli, wanavuta na kujenga nyuzi. Walio mbali kidogo hawajengi sana, kazi yao ni kupiga kelele: wanatoa IL-6 na ishara nyingine za inflamasio zinazosaidia kansere na kuchosha mwili mzima, na zinahusishwa na ile hali ya kukonda baba mudogo wako aliyokuwa nayo. 2019 ikaonekana aina ya tatu inayojifanya askari wa kinga bila kuwa na silaha kamili. Na mtu mmoja anaweza kubadilisha kazi: fundi wa leo kesho ni mpiga kelele, inategemea ishara anayopata. Kwa hiyo ukibomoa bila kuchagua umeua pia aliyekuwa anakulinda.

Hata kolajeni yenyewe si moja. 2022 ilionyeshwa kwamba kolajeni ikiwa nzima inaibana kansere, lakini ikikatwakatwa na vimeng'enya, vile vipande vinakuwa ishara ya kuifanya ikue. Kitu kilekile, kizima ni kizuizi, kilichokatwa ni chakula. Ndiyo maana siku hizi hawasemi tena kubomoa, wanasema kuibadilisha stroma tabia.

La pili, umesahau askari. Ule ukuta unawaacha nje seli T, walinzi wa mwili. Baadhi ya mafundi wanamwaga kitu kinaitwa CXCL12 kinachozunguka kansere, na seli T zinakusanyika pembeni haziingii. Dawa mpya za kuamsha kinga zilizobadilisha mambo kwa kansere ya ngozi ya melanoma, hapa kwa wagonjwa wengi zimegonga mwamba.

La tatu, hiyo biopsi. Jibu la "sijaona kansere" kwa kongosho halimaanishi "hakuna kansere". Mtu mwenye macho manjano, kilo zinashuka, sukari mpya na uvimbe kwenye skana, jibu likija tupu tunarudia. Na kama uvimbe bado mdogo na unaweza kutolewa, mpasuaji mzoefu anaweza kuutoa bila kusubiri biopsi iseme ndiyo, kwa sababu hii hii.

Kijana_Himbi

Docta swali gumu, samahani mwenye uzi. Ile miezi mitatu ingemuokoa?

Docta_Kadutu (Bukavu)

Nitajibu polepole. Kwa watu 100 wanaogunduliwa, hata kule kwenye vifaa vyote, ni kama 15 mpaka 20 tu ambao uvimbe unaweza kutolewa kwa opereshoni. Kule Marekani wanaofika miaka 5 ni kama 13 kwa 100, wote kwa ujumla. FOLFIRINOX ilipotangazwa 2011 ilipeleka wastani wa maisha ya wale ambao kansere imeshasambaa kutoka miezi 6.8 mpaka 11.1, na watu walisimama kupiga makofi kwa hiyo miezi minne na kitu. Kama kansere ya baba ilikuwa bado haijasambaa siku ile ya kwanza, nafasi ilikuwepo, ndogo. Kama chembe zilishaingia kwenye ini bila kuonekana kwenye skana, na hilo ni la kawaida sana kwa ugonjwa huu, isingebadilisha mwisho. Asiyekuwa ndani ya tumbo lake hawezi kuapa.

Mzee_wa_Kitambo

Nyinyi wa labo munadharau mila. Nieleze: kwa nini yeye? Jirani yangu hapa Katindo anakunywa kanyanga toka asubuhi, sigara pakiti, eko muzima. Huyu mutu wa kanisa, mununuzi wa kahawa, anakonda na kufa ndani ya mwaka. Kitu kimetumwa.

Mwana_Majengo (Goma)

Mzee wangu, sidharau, na shikamoo kwanza. Sigara inaongeza hatari, pombe nyingi nayo kwa njia ya kuunguza kongosho miaka na miaka, lakini wengi wanaopata hawakufanya lolote la ajabu, na wengi wanaofanya hawapati. Hapo sina jibu la "kwa nini yeye" na sidhani kuna mtu wa labo analo.

Ila nina jibu la "lini", na hilo ndilo linanihusu Jumapili. 2010 watu wa Baltimore walichukua kansere za wagonjwa 7 waliofariki, wakasoma makosa ya jini moja moja, kama mtu anayesoma miaka kwenye gogo la mti, wakapiga hesabu. Makadirio yao: kutoka kosa la kwanza mpaka seli ya kwanza ya kansere kamili ni angalau miaka 10. Kisha angalau 5 nyingine mpaka ipate uwezo wa kusambaa. Kisha kama 2 mtu anakufa. Ni makadirio, wagonjwa ni saba tu, sawa. Lakini punguza hata nusu yake. Mama mudogo ameingia kwenye ile nyumba miaka minne iliyopita.

Mzee_wa_Kitambo

Hmm.

Mama_Ndosho

Hapo nimepiga vigelegele peke yangu mu nyumba, batoto banauliza mama una nini

Bahati_Mabanga

Mama yangu anakunywa losartan, dawa ya tansio (presha). Nimeona fasi banasema losartan inalegeza iyo stroma. Ni kweli? Tena huyu baba, mbona maumivu ya mgongo yalikuwa makali hivo, hata dawa zinashindwa?

Docta_Kadutu (Bukavu)

Losartan inapunguza ishara inayowaamsha mafundi, TGF-beta. Boston waliitoa pamoja na FOLFIRINOX na mionzi kwa watu 49 ambao uvimbe ulikuwa umeshika mishipa mikubwa, wakatangaza 2019 kwamba wengi kuliko walivyotarajia walifika kupasuliwa. Lakini hakukuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo huwezi kusema ni losartan iliyofanya. Mama aendelee nayo kwa tansio yake. Mtu asiye na tansio asiinywe kujikinga, atadondoka barabarani.

Maumivu: kongosho limekaa nyuma ya tumbo, juu kabisa ya fundo la mishipa ya fahamu mbele ya uti wa mgongo. Kansere hii ina tabia ya kutambaa ndani ya ala za mishipa ya fahamu, na nyama ya pembeni inahusika hata hapo, inatoa vitu vinavyoita mishipa ikue kuelekea kwenye uvimbe na uvimbe kuelekea kwenye mishipa. Wanavutana kama wapenzi wabaya. Ndiyo maana anainama mbele, akinyooka anabana pale pale. Parasetamoli haifiki hapo. Morfini ndiyo dawa yake, na familia zinaogopa morfini bure, "atazoea, atazoea". Mtu wa kansere ya kongosho mpeni morfini alale. Kuna pia sindano ya kuzima lile fundo, fasi zenye mtaalamu.

Mwana_Majengo (Goma)

Hiyo ya morfini ilinichoma docta. Sisi tulibishana wiki mbili.

Na niongeze kitu kimoja kabla sijalala. 1889 daktari wa London, Stephen Paget, aliangalia rekodi za wanawake 735 waliokufa na kansere ya matiti, akajiuliza kwa nini inaenda kwenye ini mara nyingi na viungo vingine vinaachwa. Akasema mbegu inaruka kila upande lakini inaota penye udongo wake tu. Sasa kwenye kongosho watafiti waliona kwenye panya, 2010, kwamba zile seli nyota zinaweza kusafiri pamoja na kansere na kukutwa kule ilikohamia. Yaani mbegu inabeba na kapu la udongo wake. Nilisoma hiyo usiku saa nane nikafunga simu.

Mwana_Majengo (Goma)

Jumapili, saa tatu usiku. Nimetoka kwenye mkutano.

Nilianza na roze na zambarau, baba mukubwa akaangalia dirisha. Nikaleta miti ya shimo ya papa wa Lubumbashi, watu wakaanza kusikiliza. Lakini kilichopita ni kitu ambacho sikupanga. Wenye kujua kahawa wanajua sonda, ule mrija wa chuma wenye ncha, mnunuzi anachoma gunia bila kulifungua, punje zinatoka kwenye mkono wake. Baba mudogo alikuwa maarufu kwa sonda yake. Watu wengine wanachoma mara moja pembeni. Yeye alichoma juu, katikati, chini, kwa sababu aliwahi kuuziwa gunia lenye kahawa safi pembeni na mawe katikati, mwaka wangu wa kwanza wa sekondari, hasara tuliisikia wote nyumbani.

Nikamuuliza baba mukubwa: ukichoma gunia pembeni ukapata kahawa, mawe yameingia lini? Baada ya wewe kuchoma?

Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Yalikuwamo." Kisha akamgeukia mama mudogo akamuuliza kama amekula, na huo ndio msamaha wote aliotoa, kwa mtu ninayemjua mimi ni mwingi.

Wakaendelea na kugawa vitu. Redio, baiskeli, makoti, ile parsele (kiwanja) ya Sake bado ina maneno. Kufika kwenye sonda mama mudogo akaishusha juu ya kabati, akaifunga kwenye kitenge, akasema hii haigawiwi. Hakuna aliyebisha.